Wanawake wa viwanda vya mabomu waliogeuka manjano, na suala la maziwa

Msomaji wetu wa Temeke, Dar es Salaam, ameandika hivi: "Nafanya kazi kiwanda cha rangi za nyumba. Kila siku tunapewa pakiti ya maziwa, tunaambiwa yanaua sumu. Mwanangu wa kidato cha nne amenionyesha kwenye simu habari za wanawake wa Uingereza waliokuwa wanatengeneza mabomu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Anasema waligeuka rangi ya manjano, na wao pia walikuwa wananyweshwa maziwa. Ni kweli? Maziwa yaliwasaidia? Na vita vilipokwisha walipata nini?"

Dada yangu, mwanao amesema kweli. Wanawake wale waligeuka manjano, na maziwa walipewa. Lakini maziwa hayakuwaokoa. Kilichokuja kupunguza vifo ni kitu kingine, na kitu hicho kinakuhusu wewe huko kiwandani leo. Kazi yangu ni usalama na afya za wafanyakazi, na habari ya wanawake hawa huwa naitumia sana kufundishia, kwa hiyo naomba uvumilie jibu refu.

Tuanze na walivyofika pale. Mwezi Mei 1915 gazeti la The Times la London lilifichua kwamba majeshi ya Uingereza yaliyokuwa yanapigana Ufaransa yalikuwa na upungufu mkubwa wa makombora ya mizinga. Serikali ikayumba, ikaundwa ya mseto, na David Lloyd George akakabidhiwa wizara mpya iliyoshughulikia silaha peke yake. Wanaume walikuwa wanazidi kwenda jeshini, na bila mikono mingine viwanda visingeweza kutoa makombora kwa mamilioni. Tarehe 17 Julai mwaka huohuo Emmeline Pankhurst, ambaye miaka miwili mitatu nyuma alikuwa akifungwa jela kwa kudai kura, aliongoza maandamano ya maelfu ya wanawake katikati ya London wakidai haki ya kufanya kazi za vita. Serikali ilichangia gharama za maandamano hayo. Walikuwa wanahitajiana.

Walioingia viwandani wengi wao walikuwa tayari wanajua kazi. Wapo waliotoka viwanda vya nguo, wapo waliokuwa wauza duka, na wengi sana walikuwa mahausigeli, wasichana walioamka alfajiri kuwasha moto kwenye nyumba za watu na kulala chumba cha darini. Kwao kiwanda kilikuwa mshahara mkubwa zaidi, jioni yao wenyewe, na wenzao wa kucheka nao. Hilo nalisema mapema kwa sababu ukisoma habari zao unaweza kuwaona kama kondoo wa kafara tu, na wao hawakujiona hivyo. Kufikia mwisho wa vita wanawake karibu 900,000 walikuwa kwenye kazi za silaha za namna mbalimbali. Kiwanda kikongwe cha Woolwich, kando ya mto Thames, peke yake kilikuwa na zaidi ya 20,000. Gretna, mpakani mwa Uskoti na Uingereza, kilijengwa kiwanda kilichotandaa kilomita 14 hivi, na humo wasichana walikanda kwa mikono mchanganyiko wa nitrogliserini na pamba ya baruti kwenye mabeseni makubwa. Mwandishi wa hadithi Arthur Conan Doyle alipokitembelea aliuita mchanganyiko ule uji wa shetani.

Si wote waliogusa sumu. Wengi walikuwa kwenye mashine za kuchonga vyuma, wakitengeneza maganda ya makombora na vipande vya fyuzi (kile kifaa kinacholipua kombora), na hatari yao ilikuwa vidole na macho. Waliogeuka manjano ni wale wa viwanda vya kujaza, ambako ganda tupu liliingia upande mmoja likatoka upande wa pili likiwa bomu kamili. Baruti iliyotumika zaidi ilikuwa TNT, na kwa vile TNT ilikuwa adimu na ghali, ilichanganywa na chumvi ya nitrati ya amonia wakapata kitu kilichoitwa amatoli.

Hebu twende mlangoni mwa kiwanda kama hicho mtu anapoingia zamu. Kuna chumba cha kubadilishia nguo kilichogawanywa na kizuizi kifupi sakafuni. Upande wa nje ni upande mchafu, upande wa ndani ni upande safi, na maana ya usafi hapo ni kutokuwa na chochote kinachoweza kutoa cheche. Mwanamke anavua viatu vyake vya nje na nguo zake, anavuka kizuizi, anavaa viatu vya kiwanda visivyo na msumari, gauni la kazi lisilo na kifungo cha chuma, na kofia inayofunika nywele zote. Pini za nywele hairuhusiwi hata moja. Hereni, bangili, saa, pete, kiberiti, sigara, vyote vinabaki nje. Pete ya ndoa isiyovuka kifundo cha kidole ilifungwa uzi. Hata zile nguo za ndani za kubana kiuno, ambazo siku hizo zilikuwa na vyuma, zilipigwa marufuku. Kisha anapekuliwa. Aliyekutwa na njiti moja ya kiberiti mfukoni alipelekwa mahakamani, akatozwa faini au akafungwa.

Tazama sasa tahadhari zote hizo zilikuwa za nini. Zilikuwa za moto. Kiwanda kililindwa kwa umakini mkubwa dhidi ya mfanyakazi asije akakilipua. Mfanyakazi mwenyewe kulindwa dhidi ya baruti anayoishika kutwa nzima kulichelewa sana. Kofia ilifunika nywele kwa sababu ya pini, lakini zile nywele za mbele zilizochomoza nje ya kofia zikabadilika rangi, nyeusi zikawa nyekundu kama kutu, na za watu weupe sana zikaelekea kijani. Mikono na uso vikawa manjano. Mashuka na mito waliyolalia ikaingia rangi. Mtaani watu wakawapa jina la ndege mdogo wa manjano anayefugwa tunduni kwa ajili ya kuimba, kanari. Jina lilivuma, magazeti yakalipenda, na naona ndilo lililofanya jambo la kuogopesha lionekane la kupendeza.

Hapa ndipo penye utaalamu, na naomba unisome taratibu. Rangi za manjano zilikuwa mbili, na watu walizichanganya.

Ya kwanza ni doa. Baruti zile, hasa ile inayoitwa tetrili na ile ya asidi ya pikriki, hupaka ngozi na nywele moja kwa moja, jinsi binzari inavyopaka vidole vya mpishi. Doa hili halimaanishi kwamba mtu anaumwa. Akiacha kazi, ngozi mpya inakuja na nywele zinakua, rangi inaondoka. Ya pili inatoka ndani ya mwili. TNT inapenda mafuta, kwa hiyo inapenya ngozi yenye jasho na kuingia kwenye damu bila mtu kuhisi chochote. Ikifika kwenye ini, ini linaharibika, nyongo inarudi kwenye damu, na mtu anakuwa na manjano kama ya mgonjwa wa ini. Wakati huohuo inaweza kushambulia damu yenyewe ikashindwa kubeba hewa, midomo ikawa ya buluu, na kwa wengine uboho ukaacha kutengeneza damu mpya.

Daktari anayejua kazi yake anazitofautisha kwa kutazama macho. Doa la nje haliingii kwenye weupe wa jicho. Manjano ya ini yanaingia, na mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Lakini hebu fikiria kiwanda chenye wanawake maelfu, wote manjano usoni na mikononi, na katikati yao wachache ambao ini limeanza kufa. Rangi ambayo kila mtu amezoea kuiona ikaficha ile ambayo ingepaswa kumtisha msimamizi. Msichana akisema tumbo linamsokota, kichwa kinauma, chakula hakipiti, jibu lilikuwa jepesi: amechoka, au ana mimba, au anakwepa zamu ya usiku.

Kwa ugonjwa huu wa pili, vifo vilianza kuonekana 1915, na mwanzoni mwa 1916 ikawa lazima kila mgonjwa wa manjano yatokanayo na sumu ya kazini aripotiwe serikalini. Mpaka vita vinakwisha waliandikishwa wagonjwa karibu 400, na zaidi ya 100 kati yao walikufa. Ukilinganisha na jumla ya wafanyakazi unaweza kuiona idadi ndogo. Lakini angalia uwiano wenyewe: ukishapata manjano yale ya ndani, zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne hakupona. Na hao ni walioandikwa.

Agosti 1916 madaktari wawili wanawake waliokuwa wakihudumia wafanyakazi hawa, Agnes Livingstone-Learmonth na Barbara Martin Cunningham, waliandika matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la tiba la The Lancet. Walieleza dalili kwa mpangilio: pua kuwasha na kutoka damu, macho kuchoma, koo kukauka, kifua kubana, kukohoa, tumbo kuuma, kuvimbiwa kisha kuharisha, vipele, kizunguzungu, mikono na miguu kuvimba, usingizi mzito. Halafu wakaeleza zile dalili za sumu yenyewe ndani ya mwili. Ninapousoma uchunguzi ule naona watu waliokaa na wagonjwa wao wakawasikiliza. Hawakuwa maprofesa wa London waliotumwa kukagua. Walikuwa madaktari wa pale, waliomjua mgonjwa kabla hajaumwa na baada ya kuumwa.

Sasa tuje kwenye maziwa yako.

Wakuu wa viwanda walipoona watu wanaumwa walifanya mambo kadhaa. Kantini zilijengwa, chakula cha moto kikapikwa, na kwa wale wanaoshika TNT maziwa yakatolewa. Barnbow, karibu na Leeds, kiwanda kilikuwa na shamba lake na ng'ombe 120 waliotoa maziwa galoni 300 kwa siku. Imani ilikuwa kwamba maziwa yanalainisha sumu tumboni. Imani hiyo haikuwa ya ajabu kwa siku zile, na wewe unajua vizuri kwamba kwetu bado ipo kwa fundi wa gereji, mpakaji rangi, mchomeleaji na mbeba saruji.

Lakini hebu fuata njia ya sumu yenyewe. Ikiwa TNT inapenya kwenye ngozi ya mikono, ya shingo na ya uso, ikaingia kwenye damu, basi maziwa yaliyo tumboni yataikutania wapi? Hayapiti njia moja. Maziwa yalimsaidia yule msichana kwa namna ileile yanavyomsaidia mtu yeyote mwenye njaa: yalimpa nguvu, na wengi wao walikuwa wanakula vibaya kabla ya hapo. Hilo si dogo, na sitalidharau. Ila haikuwa dawa ya sumu. Kibaya zaidi, maziwa yalimpa kila mtu, tajiri na mfanyakazi, hisia kwamba jambo limeshughulikiwa.

Barakoa nazo zilijaribiwa, kwa kudhani sumu inaingia kwa vumbi na mvuke. Zilikuwa za joto, zilikusanya jasho na vumbi juu ya uso, na wanawake wengi hawakuzipenda. Mwaka 1917 mtafiti Benjamin Moore, katika ripoti iliyotolewa na kamati ya serikali ya utafiti wa tiba, alionyesha kwamba mlango mkuu wa sumu hii ni ngozi. Hapo mambo yakaanza kueleweka. Kama ni ngozi, basi linalotakiwa ni mkono usiguse baruti: mashine imwage na kushindilia badala ya mwanamke na kijiti chake cha mbao, sakafu na meza ziwe safi, nguo za kazi zifuliwe na kiwanda zisiende nyumbani, mtu anawe kabla ya kula, na asikae kwenye TNT mfululizo. Utaratibu wa kubadilishana, wiki mbili kwenye TNT na wiki mbili kwenye kazi nyingine, ulitumika sehemu nyingi. Madaktari wakawa wanapita mara kwa mara kutazama macho na kumtoa mapema aliyeanza kuonyesha dalili.

Matokeo yalionekana. Mwaka 1918 wagonjwa walishuka sana ukilinganisha na miaka miwili ya nyuma, ingawa makombora yaliyokuwa yanajazwa hayakuwa machache. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Maziwa yalikuwepo 1916 na watu walikufa. Maziwa yalikuwepo 1918 na vifo vikapungua. Kilichobadilika katikati ni jinsi kazi ilivyopangwa.

Utaniuliza kwa nini wasiache kazi tu walipoona mwenzao amekufa. Wapo walioacha. Lakini sheria ya silaha ya Julai 1915 ilisema mfanyakazi wa kiwanda cha vita hawezi kuondoka bila cheti cha ruhusa kutoka kwa mwajiri. Akiondoka bila cheti, hakuna kiwanda kingine cha namna hiyo kinachoruhusiwa kumwajiri kwa wiki sita. Wiki sita bila mshahara kwa msichana anayemtunza mama yake na wadogo zake! Mgomo nao ulikatazwa. Cheti kile kilichukiwa mno hata kikafutwa 1917. Mary Macarthur, aliyeanzisha shirikisho la wanawake wafanyakazi mwaka 1906, alipigania wanawake hawa kwenye mabaraza yaliyosikiliza mashauri ya viwandani, akadai mshahara, saa za kazi na vyoo, mambo ambayo wakubwa waliyaona madogo wakati wa vita.

Na juu ya sumu kulikuwa na mlipuko. Barnbow, Jumanne usiku tarehe 5 Desemba 1916, zamu ya saa 4 usiku ilikuwa ndiyo kwanza imeingia. Kwenye chumba namba 42 walikuwa wanawake kama 170 wakifunga fyuzi kwenye makombora yaliyokwisha kujazwa. Fyuzi iliingizwa kwa mkono, kisha mashine ikaikaza. Saa 4 na dakika 27 kombora moja lililipuka. Wanawake 35 walikufa, na baadhi yao walitambuliwa kwa kile kisahani cha namba walichovaa shingoni. Fundi mmoja wa mashine aliingia tena na tena kuwatoa majeruhi. Baada ya saa chache wanawake wengine walijitolea kufanya kazi kwenye chumba kilekile. Magazeti hayakuruhusiwa kuandika. Familia ziliweka matangazo ya vifo yaliyosema tu kwamba marehemu amefariki kwa ajali. Nchi haikuambiwa ukweli mpaka vita vilipokwisha.

Januari 1917 huko Silvertown, mashariki mwa London, kiwanda cha kusafisha TNT kilichowekwa katikati ya makazi ya watu kililipuka na kuua watu 73. Tarehe 1 Julai 1918 ilikuwa zamu ya Chilwell, karibu na Nottingham, kiwanda kilichojaza makombora karibu milioni 19 wakati wa vita: walikufa 134, wanaume kwa wanawake, na miili iliyotambulika ilikuwa 32 tu. Ambao hawakutambulika walizikwa pamoja.

Swali lako la mwisho, walipata nini. Mshahara wao ulikuwa mkubwa kuliko wa hausigeli, hilo ni kweli. Oktoba 1915 wizara ilitoa waraka uliopendekeza pauni 1 kwa wiki kwa mwanamke anayefanya kazi ya mwanamume, na wenye ova taimu na malipo ya kila kipande walipata zaidi. Lakini kwa kazi ileile mwanamume kwa kawaida alilipwa zaidi, wakati mwingine mara mbili, na bei za vitu kufikia mwisho wa vita zilikuwa zimepanda karibu mara mbili pia. Magazeti yaliwacheka kwa kununua kofia na soksi nzuri. Sioni ajabu yoyote kwa msichana mwenye hatari kama ile kununua kofia.

Vita vilikoma tarehe 11 Novemba 1918, na kabla mwezi haujaisha maelfu walikuwa wamepewa barua ya kuachishwa. Wanawake wa Woolwich na kwingineko waliandamana hadi Bunge wakidai kazi. Serikali ilitoa posho ya wiki kwa muda, lakini aliyekataa kurudi kuwa hausigeli aliweza kunyimwa. Mwaka 1919 ikapitishwa sheria ya kurudisha taratibu za kazi za kabla ya vita, kama vyama vya wafanyakazi vya wanaume vilivyokuwa vimeahidiwa, na milango mingi ya karakana ikafungwa.

Kura? Watu husema wanawake wa mabomu walizawadiwa kura. Sheria ya Februari 1918 iliwapa kura wanawake wenye umri wa miaka 30 na zaidi, wenye nyumba au mali ya kiwango fulani, wao au waume zao. Wasichana wengi wa viwandani walikuwa na miaka 18, 20, 25. Ikabidi wasubiri mpaka 1928. Waliogeuka manjano kwa sehemu kubwa si hao waliopiga kura ya Desemba 1918, na hili linaniuma kila ninapolieleza darasani, kwa sababu sifa zilitumika kama hoja na haki ikaenda kwa mwingine.

Mambo ya furaha yalikuwepo, nisikuachie huzuni tupu. Viwandani walianzisha timu za mpira wa miguu. Moja ya Preston, Dick, Kerr Ladies, ilicheza tarehe 26 Desemba 1920 kwenye uwanja wa Goodison Park mbele ya watu wanaokadiriwa 53,000, wakichangisha fedha za hisani. Mwaka uliofuata chama cha mpira cha Uingereza kikapiga marufuku wanawake kutumia viwanja vya klabu zake, marufuku iliyodumu miaka 50 hivi.

Fidia kwa walioumwa iliwezekana kwa aliyeugua akiwa bado kazini na daktari akathibitisha. Aliyerudi kijijini kwao akaja kuumwa miaka mitano baadaye, nani angemwamini kwamba ini lake liliharibika kiwandani? Baadhi ya waliokuwa wajawazito walizaa watoto wenye rangi ya manjano, rangi iliyofifia baada ya muda, na hakuna aliyewafuatilia watoto wale kwa utaratibu.

Sasa wewe. Rangi za nyumba si TNT, usije ukalala na hofu hiyo, ingawa tolueni, kimiminika ambacho TNT hutengenezwa nacho, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye thina za aina nyingi. Sumu zako ni nyingine na njia zake ni nyingine. Mvuke wa thina unaingia zaidi kwa kupumua, unaleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kusahausahau, na kwa mwanamke mjamzito ni hatari kwa mtoto. Poda za kutia rangi, zikiwa na madini ya risasi, zinaingia kwa vumbi unalovuta na kwa mkono mchafu unaopelekwa mdomoni. Maziwa hayazuii mvuke kuingia kwenye mapafu. Na ukinywa hayo maziwa palepale penye mapipa, pakiti umeichana kwa meno na vidole vina poda, basi unajilisha sumu kwa mkono wako. Maziwa kunywa, ni chakula kizuri, ila toka nje, nawa kwa sabuni, ndipo unywe.

Jambo la kudai kwa mwajiri ni feni za kuvuta mvuke zinazofanya kazi, mifuniko ya mapipa, glavu zinazofaa kwa thina (zile nyepesi za hospitali thina inapita), barakoa yenye chujio la mvuke badala ya kitambaa, sehemu ya kulia chakula mbali na uzalishaji, na nguo za kazi zifuliwe kiwandani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga kwa gharama yake, na inataka upimwe afya unapoanza kazi na kwa vipindi ukiwa kazini. Uliza majibu yako, ni yako. Kama mwajiri hasikii, OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wanapokea malalamiko, na mkiandika kupitia chama chenu cha wafanyakazi si rahisi mmoja wenu kuandamwa. Ukiugua kutokana na kazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndio unaohusika, na utahitaji kumbukumbu: tangu lini uko hapo, unashika nini, lini dalili zilianza. Anza kuandika leo kwenye daftari, na majina ya kemikali yapige picha kwenye lebo za mapipa.

Na ukienda hospitali kwa kichwa, tumbo au uchovu usioisha, usisubiri daktari akuulize. Mwambie mwenyewe kabla hajaandika dawa: nafanya kazi kiwanda cha rangi, nashika hiki na hiki, mwaka wa ngapi sasa.